Mtambo Unaokunywa Mchanganyiko

Katika kiangazi cha mwaka 2022 naliua msumeno wa mtu hapa Kimuli. Nasema naliua, maana uliletwa mzima asubuhi, na kabla ya saa nne ulikuwa chuma kitupu. Sikuuangusha, wala sikuupiga juu ya jiwe. Naliunywesha petroli safi tu. Nataka kuwaeleza jinsi mtambo wa namna ile ufanyavyo kazi, kwa kuwa mitambo hiyo imekuwa mingi katika vijiji vyetu, na wako watu wanaoitumia kama nilivyoitumia mimi, yaani kwa kujifanya wajuzi.

Msumeno ninaousema ni ule wa mnyororo, ambao vijana huuita chenso. Sauti yake mwaijua. Wakati wa kiangazi, umande ukikauka katika migomba, husikiwa ukilia upande wa mikaratusi kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Wapanda, washuka, kisha kimya kidogo, kisha mti waanguka. Zamani wapasuaji walichimba shimo, mmoja akasimama chini na mwenziwe juu ya gogo, wakavutana kwa msumeno mrefu mchana kutwa. Siku hizi kijana mmoja huikata kazi hiyo kabla ya chakula cha adhuhuri.

Twalikuwa twajenga nyumba ya mwinjilisti wetu. Wakristo walitoa mikaratusi kwa ajili ya kenchi, na kijana mmoja wa usharika akasema, “Mimi sina miti, bali msumeno ninao, nitautoa siku moja bila malipo, iwe sadaka yangu.” Haikuwa sadaka ndogo. Msumeno ule aliununua kwa fedha za kahawa za mavuno mawili, nao ndio uliomlisha yeye na mama yake na wadogo zake. Lakini usiku wa kuamkia siku ile mama yake alizidiwa, naye ikampasa kumpeleka hospitali. Alfajiri akanipigia simu, akasema, “Mwalimu, msumeno nimemwachia yule kijana wangu wa kazi. Wewe usisahau mafuta tu.”

Hapo neno la Kiswahili lilinitega. Lugha yetu ni tajiri, lakini kwa habari ya mafuta ni maskini. Yanayokaangia samaki ni mafuta. Yanayopakwa mwilini ni mafuta. Yanayowashwa katika taa ni mafuta. Na dereva wa bodaboda akisema aenda kuweka mafuta, ataka petroli. Mwenye msumeno alikuwa anasema habari ya oili. Mimi nalisikia petroli. Nikaenda kando ya barabara kwa muuzaji wa petroli ya chupa, nikanunua lita tatu, nikarudi nimeridhika kabisa.

Nilipofika kwenye miti nalikuta watu wengi. Wazee wa kanisa walikuwa wameketi juu ya gogo, akina mama wakiondoa matawi, na watoto wa shule, ambao ndio wanafunzi wangu, wamesimama kutazama. Yule kijana wa kazi naye nalimfundisha mimi mpaka alipomaliza darasa la saba. Akaipokea chupa, akaiinua juani, akaitazama, kisha akaniuliza, “Mwalimu, imechanganywa?”

Sikujua aniuliza nini. Ningaliweza kusema, “Imechanganywa na kitu gani, mwanangu?” Lakini watu walikuwa wanatusikiliza wote wawili, nami ndimi mwalimu wa sayansi. Nikasema, “Tayari.”

Neno hilo moja ndilo lililogharimu yote. Akamimina. Msumeno ukawaka vizuri, ukaangusha mti wa kwanza. Katikati ya mti wa pili sauti ikaanza kuwa nyembamba na kali, kama ya mtu aliyekaukwa na koo, kisha ukasimama ghafula. Kijana akavuta kamba ya kuwashia, kamba haikuvutika. Akavuta tena kwa mguu na mikono. Ilikuwa kama kuvuta mzizi.

Mzee mmoja akasema kwamba kijana ameulazimisha msumeno. Mwingine akasema vijana wa siku hizi hawana huruma na chombo cha mtu. Kijana akanitazama mara moja, akainamisha macho. Mimi nikanyamaza. Jioni mwenye msumeno alirudi kutoka hospitali, akamwambia kijana yule asirudi tena kazini.

Nalinyamaza siku nane. Jumapili iliyokuwa katikati, zamu ya kufundisha watoto ilikuwa yangu, na fungu lilikuwa lile la wanawali kumi katika Mathayo 25. Nalifundisha kwa ufasaha habari ya mafuta yaliyokosekana, wala sikujua bado jinsi fungu lile lilivyonihusu.

Siku ya nane wazee wakanituma nifuatane na mwenye msumeno kwenda kwa fundi Nkwenda, niandike gharama, ili kanisa lione kama laweza kumsaidia. Fundi ni mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akafungua skrubu moja moja, akaziweka katika kifuniko cha chupa, akaitoa pistoni, akaishika kwa vidole viwili. Ndugu zangu, pistoni ya chenso si kitu kikubwa. Ni kama kikombe kidogo cha kahawa kilichofudikizwa. Ile ilikuwa imekwaruzwa toka juu hata chini kana kwamba imepigwa tupa, na madini yake yamepakaa ukutani mwa silinda.

“Hii haikufa kwa kulazimishwa,” akasema fundi. “Imekufa kwa kiu.”

Nikamwomba anieleze. Naye alieleza kwa subira, akitumia kile chuma kilichokufa. Nami nitayasema hapa kwa maneno yangu, kama nilivyoyaelewa siku ile na kama nilivyoyasoma baadaye.

Tuanze na mtambo tuliouzoea, ule wa bodaboda za leo, ambazo karibu zote ni za mapigo manne. Pistoni yake hufanya safari nne ndipo moto uwake mara moja. Hushuka ikivuta hewa na petroli; hupanda ikivikandamiza; moto huwaka, nayo hushushwa kwa nguvu; kisha hupanda tena ikitoa moshi. Katika safari nne, moja tu ndiyo yenye nguvu. Tatu ni za maandalizi na usafi. Mjerumani Nikolaus Otto ndiye aliyeunda mtambo wa namna hii mwaka 1876. Juu yake una vali, yaani milango midogo ifungukayo na kufungwa kwa zamu, na chini yake una bakuli la oili, ambamo oili hukaa miezi na kurushwa huku na huku kulainisha vyuma.

Mtambo wa chenso ni wa mapigo mawili. Pistoni hupanda mara moja, hushuka mara moja, na kazi yote imekwisha: kuvuta, kukandamiza, kuwaka na kutoa moshi. Tena hauna vali hata moja. Nalimwuliza fundi yawezekanaje kufanya kazi za safari nne katika safari mbili. Akanijibu, “Kwa sababu wewe watazama juu ya pistoni tu. Tazama na chini yake.”

Siri yote i katika jibu hilo. Juu ya pistoni ni jiko, na chini yake ni mivukuto.

Wasomaji wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kuelezwa sana habari ya mivukuto. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, kufua chuma kulikuwa kazi ya kale katika nchi hii. Mhunzi alikuwa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Ngozi ikiinuliwa, mivukuto hujaa hewa. Ikikandamizwa, hewa hukimbia katika bomba la udongo hata kwenye makaa. Sasa wazieni kwamba ile ngozi na lile jiko vimetengwa kwa ukuta mmoja tu, na ukuta huo ndio unaopanda na kushuka. Ukuta huo ndiyo pistoni. Upande wake wa chini wafanya kazi ya ngozi, na upande wake wa juu wapokea moto, kwa wakati ule ule mmoja.

Tazameni safari ya kupanda. Pistoni ipandapo, chumba cha chini chapanuka, kama ngozi iinuliwapo, nacho chawa na njaa ya hewa. Ukingo wa chini wa pistoni ukifika mahali pake, wafunua tundu la kwanza katika ukuta wa silinda, litokalo kwenye kabureta. Hewa yenye manyunyu ya petroli yaingia kwa haraka kujaza chumba cha chini. Wakati uo huo, juu ya pistoni umo mchanganyiko mwingine, ulioingia zamu iliyopita. Huo wabanwa katika nafasi ndogo sana. Pistoni ikiwa karibu kufika juu, plagi yatoa cheche.

Sasa yaja safari ya kushuka. Moto wapanuka na kuisukuma pistoni chini, na nguvu hiyo ndiyo izungushayo mnyororo wa msumeno. Lakini katika kushuka huko huko pistoni yalifunga tundu la kabureta na kuukandamiza mchanganyiko ulioko chini, kama mhunzi akandamizavyo ngozi. Ikishuka zaidi, yafunua tundu la pili, nalo ni la ekzosi. Moshi ungali na nguvu nyingi, hivyo watoka wenyewe kwa kishindo, na vishindo hivyo vikifuatana ndivyo viletavyo ile sauti ya nyuki katika debe. Ikishuka kidogo tena, yafunua matundu ya pembeni, ambayo ni midomo ya mifereji itokayo chumba cha chini. Mchanganyiko uliobanwa chini wapanda kwa mifereji hiyo, wajaza silinda, na kuusukuma nje moshi uliobaki. Kisha pistoni yageuka, yapanda, yafunga matundu hayo, na kazi yaanza upya. Ndiyo maana hauhitaji vali: pistoni yenyewe ndiyo mlango wa matundu yote.

Wanafunzi wangu huwaeleza kwa mfano wa darasa lenye milango miwili. Shule ikiwa na upungufu wa vyumba, watoto wengine husoma asubuhi na wengine mchana. Kengele ikilia, wa mchana huingia kwa mlango mmoja kabla wa asubuhi hawajakwisha kutoka kwa mlango wa pili, na wale waingiao huwasukuma watokao. Kazi yafanyika upesi, lakini si kwa usafi kamili. Mtoto mmoja au wawili wa asubuhi hubaki ndani, na mmoja au wawili wa mchana hupitiliza wakatoka pamoja na watokao. Ndivyo ilivyo katika mtambo huu. Moshi kidogo hubaki, na petroli kidogo mpya hutoroka kwa ekzosi kabla ya kuungua. Kwa hiyo mtambo wa mapigo mawili hunywa petroli nyingi kwa kazi yake, na moshi wake unanuka. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Adolf Schnürle aliielekeza mifereji ili mchanganyiko uingie ukielekea ukuta ulio mbali na ekzosi, upande juu, ndipo ugeuke. Watoro wakapungua, wala hawakwisha.

Kwa nini basi watu hawakuuacha? Kwa sababu ya wepesi wake na nguvu zake. Msumeno ukataapo mti, mhimili wake waweza kuzunguka kama mara 9,000 kwa dakika, yaani mara 150 kwa sekunde moja, na kila mzunguko moto wawaka. Mtambo wa mapigo manne ukizunguka vivyo hivyo, moto wawaka mara 75 tu. Tena vyuma vyake ni vichache, hata mtu aweza kuuchukua begani kupanda mlima.

Waliouunda walikuwa watu wengi. Karl Benz, yule ambaye baadaye aliunda motakaa, aliwasha mtambo wake wa mapigo mawili usiku wa mwisho wa mwaka 1879. Na Dugald Clerk, Mskoti, alikuwa akiunda wake katika miaka ile ile. Lakini hao walikuwa na pampu ya pembeni ya kusukuma hewa. Aliyetumia chumba cha chini kuwa mivukuto ni Mwingereza Joseph Day, wa mji wa Bath, mwaka 1891. Na mfanyakazi wake, Frederick Cock, mwaka 1892 akapata njia ya kuifanya pistoni kuwa mlango wa matundu yote. Nalifurahi kusoma kwamba jina la mfanyakazi halikupotea.

Wala msidhani mapigo mawili ni ya vitu vidogo tu. Meli nyingi kubwa zinazoleta makasha Dar es Salaam na Mombasa huendeshwa na mitambo ya dizeli ya mapigo mawili. Meli iitwayo Emma Mærsk, iliyoanza kazi mwaka 2006, ina mtambo wa namna hiyo wenye silinda 14. Ila mitambo ya meli husukumiwa hewa kwa feni, nayo oili yake ina njia yake yenyewe. Haitumii chumba cha chini kama mivukuto, kwa hiyo haina ule udhaifu ulioniponza mimi.

Udhaifu huo ndio huu. Nimesema kwamba mtambo wa bodaboda una bakuli la oili chini. Je, mtambo wa chenso waweza kuwa na bakuli mahali pale? Hauwezi, maana mahali pa bakuli ndipo palipo mivukuto. Hewa na petroli hupita pale kila mzunguko. Oili ikimwagwa pale ingechukuliwa yote juu na kuungua mara moja. Tena msumeno hukata ukiwa umelala ubavu, na pengine umeinamishwa kabisa. Oili ya bakuli isingekaa. Sasa mhimili u chini, na mkono wa pistoni, na gololi zake, na ukuta wa silinda, vyote vyasuguana katika joto kali; vitalainishwa na nini? Na oili iliyochanganywa katika petroli yenyewe. Inasafiri pamoja nayo. Petroli yaingia chumba cha chini kama manyunyu, oili yabaki kidogo kidogo juu ya vyuma, inayosalia yapanda na kuungua, ndiyo moshi ule wa buluu.

“Mashine hii haina akiba,” akasema fundi. “Ile ya bodaboda waweza kuisahau mwezi mzima, bado ina oili ya jana. Hii yalishwa oili kila tone la petroli. Ukiinyima, haina mahali pa kukopa.”

Pistoni yake ni ya aluminiamu, nayo kwa joto hupanuka. Kati yake na ukuta pana nafasi nyembamba mno, nafasi ya utando wa oili tu. Utando ukikosekana, madini hugusana na madini. Msuguano huleta joto, joto huleta upanuzi, upanuzi huleta msuguano zaidi, mpaka pistoni inashikamana na ukuta wake. Ile sauti nyembamba niliyoisikia ndiyo iliyokuwa saa yenyewe.

Kisha fundi akaizungusha pistoni mbele ya macho yetu. “Kama hewa ingalikuwa imeingia mahali palipopasuka,” akasema, “mikwaruzo ingalikuwa zaidi upande wa ekzosi, maana ndiko kwenye joto zaidi. Hii imezunguka pande zote. Na tieni kidole chumbani chini. Ni kikavu kama kibuyu cha chumvi.” Mwenye msumeno akatia kidole. Nami nikatia. Kilikuwa kikavu.

“Nani aliyechanganya mafuta siku ile?” akauliza fundi.

“Ni yule kijana niliyemfukuza,” akasema mwenye msumeno.

Nalikuwa nimeshika kalamu na karatasi ya gharama. Nikasema, “Si yeye. Petroli naliileta mimi, wala haikuchanganywa. Aliniuliza, nami nikamwambia tayari.”

Mwenye msumeno hakusema neno kwa muda mrefu. Aliitwaa pistoni mkononi mwa fundi, akaitazama, akairudisha. Kisha akasema polepole, “Aliniambia, Mwalimu. Siku ile ile aliniambia kwamba alikuuliza ukasema tayari. Nikampiga kofi kwa kumsingizia mwalimu wake.”

Sina la kuongeza juu ya safari ya kurudi. Tulipanda pikipiki moja, watatu pamoja na dereva, wala hakuna aliyesema.

Gharama ya pistoni na silinda mpya nalilipa mimi, kwa mshahara wa mwezi mmoja na nusu ya wa pili. Karatasi ya kanisa naliichana. Hilo halikuwa gumu. Jambo gumu lilikuwa kwenda kwa kijana. Nalimkuta akipalilia kahawa. Mama yake akaniletea kigoda, akanipa na maji, maana hakujua nimekuja kwa habari gani, na ukarimu ule ulinichoma. Nikamweleza kijana yote. Akasikiliza akiwa ameegemea mpini wa jembe. Nikamwuliza kwa nini aliimimina petroli ile, hali aliitazama juani.

Akasema, “Naliiona rangi yake kuwa si ile ya siku zote. Iliyochanganywa ina rangi ya oili. Lakini Mwalimu amesema tayari, nikadhani labda kuna oili isiyo na rangi.”

Nikamwomba msamaha. Akajibu kwa adabu kwamba amenisamehe. Kisha, baada ya kupalilia shina moja zaidi, akasema, “Lakini, Mwalimu, wale watu wa kwenye gogo hawapo hapa.”

Alisema kweli. Jumapili, baada ya matangazo, nalimwomba mwinjilisti ruhusa, nikasimama, nikawaambia wazee na akina mama na watoto wa darasa langu nani aliyeuua msumeno na kwa neno gani. Mzee yule aliyesema vijana hawana huruma na chombo cha mtu alikohoa sana. Watoto hawakucheka, jambo ambalo nalilitazamia. Kesho yake darasani mmoja aliniuliza kama nyumbani kwao, ambako kuna chenso, nao waweke oili kiasi gani. Na hilo ndilo swali lililonifanya niandike habari hii.

Nalimjibu hivi. Kwanza soma kitabu cha msumeno na maandishi ya chupa ya oili, maana kipimo si kimoja kwa mashine zote. Kipimo kikiwa moja kwa 25, lita tano za petroli zataka mililita 200 za oili. Kikiwa moja kwa 50, zataka mililita 100. Oili iwe ile iliyofanywa kwa mitambo ya mapigo mawili, kwa kuwa hiyo huungua bila kuacha masizi mengi. Oili ya bakuli la bodaboda, na hasa ile chafu iliyomwagwa, huziba tundu la ekzosi na kuchafua plagi. Usizidishe ukidhani waongeza uhai. Ukizidisha, moshi na masizi vitazidi, na nguvu itapungua. Changanya katika dumu la pembeni, utikise, ndipo umimine. Usitie petroli kwanza katika tangi na oili baadaye, maana zitakaa mbalimbali. Mchanganyiko uliokaa siku nyingi utikise tena, na uliokaa miezi usiutumie. Na oili ya mnyororo ina tangi lake lingine kando; hiyo haiingii katika mtambo hata kidogo, ijapokuwa nayo, kwa bahati mbaya, yaitwa mafuta.

Nyumba ya mwinjilisti iliezekwa kwa mabati kabla ya mvua za vuli. Yule kijana alirudi kazini, baada ya bwana wake kwenda mwenyewe kwao kumwita. Kenchi zilizobaki zilipasuliwa kwa msumeno ule ule, wenye pistoni mpya, nami nalikuwapo, nikiwa nimenunua oili na petroli kwa fedha yangu na kuzipima kwa chupa yenye alama. Kijana akalipokea dumu mbele ya watu wote. Akalifungua, akanusa, akaliinua juani, akalitikisa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kusikika hata kwenye gogo la wazee, “Mwalimu, imechanganywa?”

Nikampa ile chupa tupu ya oili aisome mwenyewe. Akaisoma, akamimina.